Jani la Kwenye Pakiti

Shangazi yangu huchora pakiti za karatasi za chooni, na usimcheke, maana kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Juzi bosi wake alimletea pakiti mpya, akamwagiza aongeze jani la kijani na maneno "Rafiki wa mazingira".

"Urafiki huo umeanza lini?" shangazi akamuuliza. "Mmetumia karatasi chakavu, au mmekata miti?"

"Mama, jani ni pambo tu. Wateja wanalipenda."

"Pambo kaliweke sebuleni kwako. Mimi sichori uongo."

Bosi aling'aka, akatishia kutafuta mchoraji mwingine. Shangazi wala hakupepesa macho. Alichukua penseli, akachora jani zuri ajabu, lenye mishipa hadi nchani. Chini yake akaandika, "Asilimia ya karatasi chakavu," akaacha nafasi wazi, kisha akamsukumia bosi mchoro.

"Jaza hapo, utie na sahihi yako. Ukimaliza naupeleka ukachapwe."

Bosi alishika penseli. Aliitazama ile nafasi, akamtazama shangazi, akajikuna kichwa. Halafu akaomba kifutio, akalifuta jani mwenyewe.