Chetezo cha Darsait

Mgeni akija kwangu Maskati, humpangia matembezi kwa ramani. Kazi yangu ya kukusanya habari imenizoesha hivyo, na sipendi gari lirudie njia. Basi khaloo, mama yangu mdogo, alipokuja kutoka Unguja kwa siku nne, karatasi ilikuwa tayari kabla hajatua. Siku ya kwanza Msikiti Mkubwa, asubuhi, aone lile zulia ambalo macho huchoka kabla ya kufika mwisho wake. Siku ya pili Maskati ya zamani, kasri na ngome zake mbili juu ya majabali. Siku ya tatu makumbusho. Ya nne, kabla ya ndege ya alasiri, Mutrah.

Katikati nilizipachika nyumba za jamaa, maana mgeni wa kwetu hawezi kuona kasri kabla ya kuona sebule. Nilianzia Mabela, ninakoishi, nikaja nikielekea mashariki nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilitukalisha: matunda, halwa, kahawa, kisha sambusa na mkate wa kumimina, mgeni asije akenda kusema kwao tumejisahau. Ya mwisho ilikuwa Darsait, kwa shangazi yake mama, ambaye mimi humwita Bibi. Kutoka kwake hadi Mutrah ni dakika chache tu.

Khaloo mwenyewe alikuwa na haja moja. Mama alifariki mwaka juzi, na kwa kuwa sisi huzika siku ileile, hakuwahi mazishi. Kabla ya hapo, kwa miaka, mama alimpigia simu kila Alhamisi alasiri kutoka Mutrah. "Niko pahala pangu, nimekaa," ndivyo alivyoanza kila mara.

"Msikiti nimeuona, mashallah," khaloo aliniambia siku ya tatu. "Lakini mie nnataka kukaa pale alipokuwa akikaa dada'angu. Nikikosa hapo, nimekosa safari."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, napajua: ni kile kiti cha ufukweni kinachotazama meli.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, tulibisha hodi Darsait. Bibi alimkumbatia khaloo, akamshika uso, akamlilia kidogo. Kisha akanigeukia.

"Leo siku ya ngapi tangu mgeni aje?"

"Ya nne, Bibi."

"Ya nne. Na Mabela mlikaa siku ya kwanza, kwa watoto nliowabeba mgongoni."

"Bibi, nilipanga kwa njia. Wewe uko karibu na Mutrah, nikaona..."

"Ahaa. Kwa hivyo mie kituo cha basi. Mnateremka, mnapita."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kwetu mgeni hupelekwa kwanza kwa mkubwa wa umri, hata awe anaishi mwisho wa mji, ndipo ashuke kwa wadogo. Mimi nilikuwa nimeupanga ukoo mzima kwa kilomita.

Bibi hakugomba tena. Alitulisha tu. Tende, mapapai, halwa, kahawa kikombe baada ya kikombe, kisha maandazi, kisha chai. Saa nne ikapita. Kwetu chetezo ndicho ruhusa ya kuondoka: mwenye nyumba akishapitisha ubani, mgeni hujifukiza nguo, huaga. Kabla ya hapo, kuinuka ni kumvunjia mtu heshima. Na chetezo cha Bibi kilikuwa pale juu ya meza ndogo, kimepoa, hakina hata jivu.

Saa tano. Khaloo alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Bibi," nikathubutu, "na ubani je?"

"Makaa yamekwisha."

Kupitia mlango wa jikoni niliuona mfuko wa makaa, umejaa.

Khaloo ndiye aliyesema. "Shangazi, tusamehe. Na mie nlipaswa kuuliza tunaanzia kwa nani. Lakini nlikuja kukaa pale alipokuwa akikaa dada'angu, na muda unakwisha."

"Pale wapi?"

Nikajibu mimi: "Ufukweni, Bibi. Kile kiti cha kutazama meli."

Bibi aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia? Mama yako bahari aliitazama Unguja mpaka akaichoka. Na wewe unadhani alikuwa akikaa na nani kila Alhamisi?"

Miaka yote hiyo, mimi mwenye kazi ya kuuliza watu, swali hilo sikumuuliza mama.

Bibi akapaza sauti kuelekea jikoni: "Leteni makaa!" Alimfukiza khaloo mwenyewe, buibui lote, mpaka ndani ya mikono. Kisha akajifukiza yeye, akavaa viatu. "Twende. Huyu na ramani yake atakupoteza."

Bandarini kulikuwa na meli ya watalii, nyeupe, ndefu kuliko soko. Mbele, juu ya jabali la Riyam, kilionekana kile chetezo kikubwa kilichojengwa kama mnara, ambacho kila mgeni hukipiga picha.

"Loo!" khaloo akasema. "Chetezo kama nyumba, na sie asubuhi nzima tumenyimwa cha kiganja."

"Kile cha watalii," Bibi akajibu. "Hakina makaa."

Alitupitisha viti vya ufukweni bila kuvitazama, tukavuka barabara. Kando ya lango la soko pana kibaraza cha saruji, kimekaa kikiipa bahari mgongo. Nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa na wageni. Bibi akakipangusa kwa kiganja.

"Alikuwa akitazama watu, akiwabashiri. Huyu kauziwa kofia mbovu, yule ataondoka na atarudi. Hakukosea."

Khaloo akakaa. "Alikaa upande gani?"

"Hapo hapo ulipo. Mie hapa, namkinga jua."

Khaloo aliweka kiganja juu ya saruji, akakiacha. Watalii wa meli walipita wakinusa vifuko vya ubani, na baada ya kitambo alifuta macho, akacheka: "Yule wa kaptula atarudi."

"Hatorudi," Bibi akasema. "Mkewe hataki."

Tulipoinuka kwenda uwanja wa ndege, khaloo alimshika mkono. "Alhamisi nipigie wewe, Shangazi. Kutoka hapa."

"Mie na simu wapi na wapi? Huyu atanileta, anipigie." Bibi alinielekezea kidevu. "Na aanzie kwangu. Asinipitie akishamaliza kwengine."