Uvimbe Kichwani kwa Msusi

Wifi yangu ni msusi, na kwa majivuno hana mpinzani mtaa mzima. Ukikaa mbele yake, kabla hajashika chanuo atakwambia usiku umelalia upande gani. Lakini mganga hajigangi, na kichwa chake mwenyewe kilimpiga chenga.

Alikuwa na miaka kadhaa akitibiwa saratani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Dawa ziliituliza, mgongo ukaacha kuuma, akarudi saluni. Kisha uvimbe ukachomoza juu ya sikio: mgumu, wa zambarau, hauumi. Akajipa jibu la kisusi: "Nimejibana nywele mno." Akafumua nywele, akapaka mafuta, akangoja. Ukatokea mwingine kisogoni. Akafunga kilemba.

Mimi ni wifi, kazi yangu kuchokoza.

"Vipele vya kubanwa vinauma," nilimwambia. "Hivi haviumi. Au umesahau kazi?"

Alinuna, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ikiwa ni ile?"

"Basi daktari aijue kabla haijatuzidi."

Daktari alikata kipande kidogo, kikapimwa. Ilikuwa ileile, imetoka kwenye mifupa ikaja kujenga kibanda kwenye ngozi. Hakutuficha: ikifika huko ni kali, na dawa za mwanzo zimeshindwa. Nililia palepale kwenye benchi, bila aibu. Wifi hakulia. Aliuliza kuna dawa gani nyingine, na anaanza lini.

Sindano mpya zilimlaza, zikamtapisha, zikamfanya asiambilike. Hakukosa hata moja. Kila asubuhi alikuwa ananiita nipapase uvimbe.

"Umepungua," nikasema siku moja.

"Usinibembeleze."

"Mimi nikubembeleze wewe? Tangu lini?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimpenda sana siku ile, ingawa sikumwambia, asije akavimba kichwa upya.

Jana tulirudi kliniki. Sindano zitaendelea, hilo tunalijua. Daktari alivaa glavu, akapapasa juu ya sikio, akashuka kisogoni, akarudi juu. Akamgeuza kichwa kwenye mwanga.

"Mama, ule wa kwanza ulikuwa upande gani?"

Wifi akapeleka mkono kumwonyesha. Vidole vikatembea, vikasimama, vikatembea tena.

"Nautafuta, daktari," alisema. "Siuoni."

Hapo ndipo alipolia.