Siku Chola alinyonya mpaka akashiba, baada ya operation ya moyo

Wakuu, hamjambo huko muliko. Leo naleta jambo la nyumba yangu. Naandika sawa vile lilikuwa, siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mimi mutu wa Congo, nilikuwa navusha samaki Ziwa Mweru. Nikaoa Nchelenge, upande wa Zambia, muke wangu Bupe, Mubemba. Tukapata mutoto musichana, Chola.

Chola alikuwa ananyonya kidogo, anaacha, anahema, jasho linamutoka kichwani. Hata kulia hakuwa na nguvu.

(Wazazi, mukiona jasho ile wakati wa kunyonya, musingoje. Pelekeni mutoto.)

Clinic wakasikiliza kifua, wakatutuma Lusaka. Docta akasema kuna mushipa karibu na moyo, ulipashwa kujifunga mutoto akisha kuzaliwa, haukujifunga. Wakamupasua.

Operation ilienda bien, salama kabisa. Lakini kazi yetu sisi wazazi ndiyo ilianza pale.

Mwanzo Bupe alikuwa anakamua maziwa, yanapita kwa mupira wa puani. Siku wakatoa mupira, nurse akasema sasa mutoto anyonye mwenyewe, bila ile hatapata nguvu.

Bupe akaficha mikono nyuma.

"Bashi Chola," ndiyo baba Chola kwa Kibemba, "nikimubeba, kidonda kitafunguka."

Vraiment, kweli, mimi pia niliogopa. Lakini nikasema, "Sister, nionyeshe mimi."

Akanifundisha kwa Kibemba, polepole: "Mukono mumoja chini ya matako, mwingine chini ya kichwa. Usimuvute kwa makwapa."

Nikamubeba. Mwepesi! Akanitazama tu.

"Mama Chola, ona, hakupasuka. Shika."

Bupe akamushika, akamupa titi. Chola akageuza uso. Tena. Tena. Bupe akaanza kulia, eti maziwa yake yameharibika. Nikamuletea ubwali, ndiyo ugali, na chisense, wale samaki wadogo wa kwetu, nikamuambia, "Kula wewe kwanza."

Akala. Akajaribu tena.

Chola akashika!

Tukangoja aache, aheme kama zamani. Wapi! Akamaliza titi moja. Bupe alipomuondoa amugeuzie la pili, mutoto akapiga kelele ya hasira, wadi nzima ikageuka. Wakuu, ile ndiyo mara ya kwanza nasikia mutoto wangu analia kwa nguvu.

Mama wa kitanda cha pili akapiga vigelegele. Sister akaja mbio kutunyamazisha, akaona, akapiga makofi yeye mwenyewe.

Tulirudi Nchelenge Chola ana mashavu. Mama mukwe akafungua kitenge, akaangalia muda murefu. Kwa heshima ya ukwe hakuniuliza mimi, aliuliza Bupe:

"Huyu mulimupata wapi? Wa kwetu mulimuacha Lusaka?"

Bupe akacheka mpaka akakaa chini.

Nilichojifunza: docta anamaliza yake, kisha mutoto anakuwa mikononi mwenu. Ukiogopa, omba uonyeshwe. Si haya.

Nani hapa alishalala wadi na mutoto wa operation? Muliwezaje? Andikeni, nasoma zote.