Sauti ya Pili

Salvina wa Marangu alikuwa mtu wa kuamini kitabu. Ukimwambia ng'ombe amekatika maziwa kwa jicho la jirani, atakuuliza umesoma wapi. Usimcheke. Miaka ile ya sabini yeye ndiye aliyefundisha kisomo cha watu wazima kijijini, na wazee wenye mvi zao walikaa mbele yake wakihangaika na a, e, i, o, u. Basi alipokuta kwenye kabati la kisomo kijitabu cha kutengeneza na kupiga filimbi, alikibeba mpaka nyumbani na kumwambia mumewe, Wenseslaus, kwamba wanaanza siku hiyo hiyo.

Wenseslaus alikuwa mpagazi, kazi yake kupandisha mizigo ya wageni mlimani. Mke akisema tunaanza, yeye ni nani akatae? Alikata mianzi kando ya mto, wakaikausha juu ya moshi wa jiko kama kitabu kilivyoagiza, wakatoboa matundu kwa msumari uliokolea moto. Filimbi ya kwanza ilipasuka. Ya pili ililia kama mbuzi mwenye mafua. Walichoma vidole, wakagombana, wakacheka, na mwisho wakapata mbili zilizoelewana.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha watu wawili. Mstari wa juu ulikuwa wa mwanafunzi, ndiyo sauti ya kwanza. Wa chini ulikuwa wa mwalimu, sauti ya pili. Ya kwanza hupiga kidogo ikanyamaza, ya pili ikajibu. Salvina alishika ya juu, Wenseslaus ya chini, na kila jioni, majani ya ng'ombe yakishakatwa, walikaa kibarazani kuwasumbua majirani. Walikuwa na raha, tuseme ukweli, raha ambayo wengi wenye ndoa zao hawajawahi kuionja.

Kisha Wenseslaus akapandisha mzigo siku ya ukungu mzito, na wenzake wakashuka bila yeye. Walimtafuta mpaka wakachoka. Walichookota ni mzigo wake tu, umefungwa vizuri, umeegeshwa kwenye jiwe; filimbi aliyozoea kupanda nayo haikuwamo.

Mama yake, Mektrida, alilia machozi yakaisha, halafu akaomba jambo moja. Katika ukoo wao, mtu asipoonekana mwili, huzikwa shina la mgomba badala yake. Linavikwa sanda, linalazwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, masale, yale majani ya heshima ya Wachagga, yanapandwa juu, na marehemu anahesabiwa amerudi kwao. Mama Mektrida alitaka mwanawe azikwe hivyo, apate pa kukaa na kumlilia. Salvina alikataa katakata. Kuzika mgomba ni kusema mumewe amekufa, na nani aliyemwona amekufa? Bila idhini ya mke, wazee wa ukoo hawakuweza kuchimba.

Jioni alikaa kibarazani peke yake akipiga mstari wake wa juu. Alipofika pa kunyamaza, alinyamaza, kwa sababu kitabu kilisema anyamaze.

Jioni moja akajibiwa.

Sauti ilitoka mbali, juu kwenye ukingo wa msitu, nyembamba lakini safi. Ilipiga mstari wa chini mpaka mwisho, ikanyamaza, ikampisha. Salvina akapiga tena, akajibiwa tena. Akalia kwa furaha. Wenseslaus yu hai! Baridi imemvuruga akili tu, amesahau njia, lakini filimbi hajaisahau. Akamkimbilia mama mkwe ndani, akamtoa nje asikilize.

Mama Mektrida alisikiliza, mkono kifuani.

“Nasikia filimbi, mwanangu,” alisema. “Mtu simsikii.”

Salvina alimwona mkatili. Tangu hapo akawa anaacha ndizi za kuchoma kwenye njia ya msituni, na asubuhi hazipo. Sasa, mlima ule una mbega na ngedere wasio na idadi, lakini jaribu kumwambia mwanamke mwenye matumaini! Na sauti ilikuwa ikisogea. Wiki ile ipo msituni, wiki ya pili ipo ng'ambo ya korongo, kisha kwenye mibuni ya jirani. Akienda kuangalia, hakuti mtu, na majani hayajakanyagwa. Alirudi akijiambia kwamba mumewe anaona haya, ampe muda.

Tatizo ni kwamba kitabu kilikwisha. Masomo yote walikuwa wameyapiga, na Salvina akaingiwa na hofu: wakikosa somo watazungumza nini? Akateremka Moshi mjini, akazunguka madukani mpaka akapata kitabu cha pili, chenye masomo mapya ya kuendeleza yale. Muuzaji alikata kamba ya kifurushi mbele yake. Vitabu vilikuwa vimetoka kuchapwa wiki ile ile, wino bado unanukia. Salvina alikifunga kwenye khanga na kukirudisha Marangu kama mayai.

Jioni hiyo hiyo akakifungua magotini. Akapiga mstari wa juu wa somo la kwanza, akanyamaza. Jibu likatoka nyuma ya banda la ng'ombe, karibu kabisa. Salvina, kwa mazoea ya ualimu, akawa anafuatisha kwa kidole mstari wa chini. Hapakuwa na kosa. Kila noti ilikuwa mahali pake.

Kidole kikasimama. Wenseslaus alipotea kitabu hiki hakijachapwa. Ukurasa huu hakuwahi kuuona. Kwa mara ya kwanza akajiuliza jambo ambalo mama mkwe alijiuliza tangu mwanzo. Aliingia ndani bila kugeuka, akafunga komeo, akapiga magoti mbele ya yule mama.

“Shikamoo, mama. Naomba tumzike Wenseslaus.”

Walimzika. Shina la mgomba lilivikwa sanda, na Salvina alililia kama mtu, kwa sauti yote aliyokuwa ameizuia. Kabla udongo haujarudishwa aliweka humo filimbi yake na vitabu vyote viwili. Masale yakapandwa. Mama Mektrida akapata pa kukaa, na wiki nzima jioni zikawa kimya.

Kisha jioni moja, wawili hao wakimenya ndizi mlangoni, filimbi ikalia kibarazani, hatua chache kutoka walipokaa, na hapakuwa na mtu. Haikupiga mstari wa chini. Ilipiga wa juu, wa Salvina, taratibu, kama mtu anayeanzisha. Ikafika pa kunyamaza, ikanyamaza, ikasubiri.

“Usijibu,” Mama Mektrida alinong'ona.

Salvina hakujibu, maana hakuwa na filimbi. Lakini kisu kilikuwa kimemwanguka, vidole vimejipanga hewani, na pumzi alikwisha kuivuta.