Nusu ya Baba Inatosha

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Manika ninakofanya kazi, daktari alimweleza mzee mmoja kwamba majibu ya vipimo yamefika. Mpwa wake ana saratani ya damu, anahitaji kupandikizwa uboho, na wa mjomba haulingani hata nusu.

"Mama yake alikufa," alisema mzee, akijipiga kifua. "Mutoto ni ya upande ya mama. Mi mujomba njo mwenyewe yake!"

"Tata, baba yake akitoa, nusu inatosha," alisema daktari. "Eko wapi?"

Mzee alivua kofia. "Kasai. Ile mwaka ya kufukuza batu ya kule mu muji yetu, tulimupandishaka mu treni. Mi nilibebaka valizi yake."

Heshima iliyoje, shemeji kufukuzwa na kubebewa mzigo! Mji tuliusafisha vizuri, ila tulisahau kumtoa Mkasai aliyebaki ndani ya mifupa ya binti.

Binti mwenyewe, aliyeketi benchini, aliuliza: "Mujomba, sasa nani atamupigia simu?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi.

Kesho yake asubuhi nilimpigia baba yangu, ambaye naye alipanda treni ile. Mimi si mgonjwa. Nilitaka tu kujua kama angepokea.