Mshono wa Kumi na Tisa

Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, saa tatu na robo asubuhi, watu tisini na wanne, yaani wanawake hamsini na mmoja na wanaume arobaini na watatu, walikusanyika mbele ya msikiti wa Mkomafini kumtazama mwanamke mmoja akifumua mkeka. Watoto sikuwahesabu, kwa kuwa hawakutulia mahali pamoja.

Mwanamke huyo ni Mwanamkuu binti Gharibu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Alizaliwa hapa Mkomafini, kitongoji chetu kilichomo ndani ya mikoko ya Salale, na baba yake alikuwa mkata boriti. Hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne. Kazi ya kusuka alifundishwa na shangazi yake, kama walivyofundishwa wasichana wote wa rika lake. Lakini kushona, yaani kuziunganisha kili, zile kanda nyembamba zilizosukwa, ubavu kwa ubavu hata ziwe mkeka mmoja, alijifunza peke yake, kwa kuifumua mikeka mikuukuu na kutazama uzi ulikopita. Aliolewa na Abdulkarimu, mvuvi wa kamba, akazaa watoto watatu, na akawa mjane mwaka 2016. Ni mfupi, msemaji wa maneno machache, na hapendi mtu ajongee karibu naye anapofanya kazi.

Mkeka wenyewe ulikuwa wa maulidi. Mwaka 2003 kila nyumba ya Mkomafini ilisuka ukili mmoja wa ukindu, upana wa vidole vinne na urefu wa pima saba, kwa rangi iliyoitaka. Nyumba zilikuwa thelathini na nane, na kili zilikuwa thelathini na nane. Mwanamkuu alizipanga kwa kufuata rangi, si kwa kufuata ujirani, kisha akazishona kwa mishono thelathini na saba. Kwa muda wa miaka ishirini na mmoja mkeka ule ulitandikwa mara moja kila mwaka, na kila ulipokatika uzi ni yeye aliyeitwa na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea mikeka.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua mpunga wote na kuingia majumbani hadi usawa wa kitanda. Mkeka ulinusurika kwa sababu ulikuwa umening'inizwa darini msikitini. Baada ya maji kupungua, nyumba ishirini na tatu zilikubali viwanja vipya huko juu, Dimani, ambako mto haufiki. Nyumba kumi na tano zilibaki, kwa kuwa riziki yao ni samaki na kamba, na hao hawavuliwi nchi kavu. Mambo mengine yote yaligawanywa bila kelele: masufuria ya shughuli, matari, hata taa. Ubishi ulikuwa juu ya mkeka.

Mkutano ulipoitishwa, msemaji wa wahamaji alikuwa Bashiru, ndugu mdogo wa marehemu Abdulkarimu, mtu wa haki na wa hasira. Hoja yake ilikuwa kwamba kila nyumba ichukue ukili wake ilioutoa, wala isichukue wa mwingine. Walimwitikia wengi. Hapo ndipo Mwanamkuu alipomgeukia.

"Shemeji, ukizitaka kili zenu ishirini na tatu nitakupa. Ninaujua kila mmoja ulipo. Wewe utaondoka na mzigo wa kili, nami nitabaki na mzigo wa kili. Maulidi tutakalia nini?"

Bashiru alimjibu kwamba watakalia mchanga, kama walivyokaa babu zao. Watu walicheka, na kicheko kile kilipoza mambo. Mwisho tulikubaliana hivi, nami niliandika kwa mkono wangu, maana nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti: ufumuliwe mshono mmoja tu, wa kumi na tisa, ulio katikati, kila upande uchukue nusu, mdomo wa kila nusu uachwe wazi, usikatwe wala usipindwe, na kila mwaka, katika mwezi wa Mfunguo Sita, nusu mbili zikutanishwe na kushonwa upya kwa ajili ya maulidi, mwaka wa kwanza Mkomafini na wa pili Dimani. Katika nusu iliyokwenda juu mlikuwa na kili saba za nyumba zilizobaki, na katika nusu iliyobaki mlikuwa na kili kumi na moja za nyumba zilizohama. Jambo hilo Mwanamkuu alilijua, nasi tulilijua, hakuna aliyelisema.

Kisha aliufumua mshono kwa muda wa saa moja na dakika arobaini, na mkeka ukawa miwili.

Karibu miezi kumi ilipita. Mwanzoni mwa Agosti 2025, Mustapha, mchuuzi wa samaki anayepanda bara kila wiki, alishuka chomboni akaeleza kwamba ameiona nusu ya juu imetandikwa barazani kwa Bashiru, nayo imepindwa. Aliulizwa mara tatu kama ana hakika. Alisema ana hakika: imepindwa kutoka ncha hadi ncha, kwa ukindu mweusi, tena kwa ustadi.

Yapasa nieleze maana ya habari hiyo. Mkeka ulio wazi mdomo ni mkeka unaongoja kuendelezwa. Ukiisha kupindwa, umekamilika, haungojei ukili mwingine. Watu wa Mkomafini hawakuhitaji kuandikiwa barua. Zamda, jirani wa Mwanamkuu, mwanamke ambaye hakuna jambo asilolitolea kauli, alisema kwamba wenzetu wametufungia mlango na komeo wametia ndani. Miraji, muadhini wetu, alishauri tufanye maulidi yetu peke yetu na tusipeleke mwaliko. Wengi walimwunga mkono. Mwanamkuu aliomba jambo moja tu: wasiamue chochote mpaka yeye akaone kwa macho yake. Ikiwa kweli wamekata, alisema, basi ameshona mkeka wake wa mwisho wa maulidi, na watu hawa hawatakaa tena pamoja maadamu yu hai.

Alisafiri Jumatano, tarehe 20 Agosti. Alivuka kwa mashua hadi Nyamisati, akapanda bodaboda, akafika Dimani adhuhuri akiwa amejaa vumbi hadi kope. Bashiru alimkuta uani, akamtazama mkoba.

"Shemeji, umekuja na mkasi au umekuja na kitoweo?"

"Nimekuja na njaa," alisema Mwanamkuu. "Na mkeka uko wapi?"

Ulikuwa barazani, kama alivyosema Mustapha. Mwanamkuu alipiga magoti penye ncha moja, akautembeza ukucha juu ya pindo taratibu, akisogea kwa magoti, mpaka akafika ncha ya pili. Alipoinuka aliuliza ni mkono wa nani. Bashiru aliita jikoni, akatoka msichana wa miaka ishirini na mmoja, unga ungali mikononi. Huyo alikuwa Warda, mzaliwa wa Ngarambe, aliyeolewa na Ukasha mtoto wa Bashiru mnamo Januari mwaka huo. Siku ya mkutano wa Mkomafini hakuwa mtu wa nyumba ile, na hakupata kuiona bahari maishani mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyeupinda?"

"Ni mimi. Niliukuta unafumka, nikaona haya. Kwetu mkeka usio na pindo hatandikiwi mgeni. Nikazikata ncha za ukindu zilizochanguka, nikaupinda siku kumi na moja za Ramadhani."

"Hukuambiwa kwa nini umeachwa hivyo?"

"Sikuambiwa, bibi. Nilidhani mlisahau."

Mwanamkuu alimtazama Bashiru. Yule mzee alikiri kwamba alimwona mkwewe akipinda tangu siku ya pili, akakusudia kumkataza, lakini aliona vibaya kumkataza bibi harusi kazi njema ndani ya Ramadhani yake ya kwanza. Na siku zilipozidi, aliona aibu ya kuwa amechelewa. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye alikuwa bado na kinyongo.

Warda alipofahamishwa habari yote alikwenda ndani, akarudi na kisu kidogo, akasema atafumua sasa hivi, hata ikibidi asilale. Mwanamkuu alimshika mkono. Alimwonyesha jambo ambalo yeye alikwisha kuliona akiwa magotini: kwa kuwa ncha zilikatwa, pindo ndilo pekee lililokuwa linaushikilia ukili wa kumi na tisa. Likifumuliwa, ukili wote utachanguka, na ukili ule ulisukwa na Mwanahalima, ambaye ni marehemu, wala hakuna atakayeusuka tena. Kwa maneno mengine, mkeka haukuweza kushonwa kama zamani.

Walikula wali kwa kisamvu. Ni Warda aliyeanza, naye alizungumza akiitazama sahani.

"Mama yangu alikuwa na mikeka miwili midogo, yote ina mapindo. Wageni wakizidi, aliifunga ubavu kwa ubavu kwa kamba, kama unavyoufunga mdomo wa tenga. Wageni wakiondoka, aliifungua."

"Kamba alipitisha wapi?"

"Katika vitundu vya pindo. Ndivyo nilivyolipinda hili. Kila upana wa kidole kimoja pana kitundu."

Mwanamkuu alinawa mikono, akarudi barazani, akatia kidole katika kitundu kimoja, kisha kingine. Baadaye aliniambia mwenyewe, nami namwandika kama alivyosema, kwamba hapo moyo wake uliuma kuliko alipoliona pindo. Alikuwa ameona kwamba njia ile ni njema, tena nyepesi kuliko yake: kazi ya siku nzima itakuwa kazi ya saa moja. Lakini kamba hufungwa na mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na miwili mkeka ule haukuweza kutandikwa bila yeye, na kuanzia mwaka huu ungeweza.

Akamwambia Warda: "Basi na nusu yangu ipindwe vivyo hivyo. Utakuja kuipinda wewe."

Bashiru alitaka kuuliza ni nani atakayempikia. Mwanamkuu alimwambia ajipikie. Alisema aliwahi kumwona akipika alipokuwa kijana, na hakuna aliyekufa.

Warda aliteremka Mkomafini tarehe 23 Agosti, amefuatana na mumewe. Mashuani alifumba macho kutoka gatini Nyamisati hadi kwetu. Zamda alimpokea kwa kumwambia kwamba kumbe aliyetufungia mlango ni kitoto kiasi hiki. Warda akamjibu kwamba mlango ukifungwa vizuri hauingizi nzi. Tangu hapo walipatana.

Kazi ilichukua siku tisa. Mwanamkuu alikaa upande mmoja akichambua ukindu, Warda upande wa pili akipinda, na kwa mara ya kwanza Mwanamkuu alimruhusu mtu akae karibu naye. Alimtajia ukili mmoja baada ya mwingine: huu ni wa nyumba ya mkwe wako, rangi ilimwagika ndiyo maana umepauka, huu ni wa Zamda, aliuanza kulia akaumalizia kushoto baada ya kuvunjika mkono, huu ni wa Muzdalifa, aliyesuka akiwa Mbagala akautuma kwa basi. Warda alirudia majina kwa sauti mpaka akaweza kuyataja bila msaada. Siku ya tisa Miraji alipita, akasimama, akauliza kama mwaliko wa Dimani umekwisha kuandikwa. Niliuandika jioni ile.

Hata hivyo hatukuwa na hakika. Kupinda mkeka ni jambo moja, na watu kupanda mashua ni jambo jingine. Maulidi yalikuwa Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025. Maji yalijaa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu Mwanamkuu alikwisha kuitandika nusu yake mbele ya msikiti, upande wa kushoto, na upande wa kulia akauacha mchanga mtupu uliofagiliwa. Zamda alimshauri atandike japo jamvi mahali pale, watu wasione pengo. Alikataa.

Saa nne kasorobo ziliingia mashua mbili. Walishuka watu arobaini na mmoja, na Bashiru alikuwa wa kwanza, amejitwisha nusu ya mkeka mwenyewe, hataki kusaidiwa. Waliokuwa wamekataa kuja hadi jana yake walikuja. Wachache hawakuja, na sitawataja.

Nusu ya juu, kwa kukaa nchi kavu, ilikuwa imenywea ikapungua shubiri moja. Kamba aliyoisokota Ukasha haikutosha, ikapungua pima mbili. Zamda alimwuliza kama alikuwa anapima kwa mkono wa mtoto, na sehemu iliyobaki ikafungwa kwa kamba ya wavu, ya buluu. Waliofunga walikuwa wengi, wanawake na wanaume, kila mmoja vitundu vichache. Mwanamkuu hakufunga hata kimoja. Alisimama kando akitazama, mara moja tu akamwambia mtu fulani asivute mno. Kisha aliitwa na Warda aje akae, akaja, akakaa.

Walihudhuria watu mia moja na hamsini na wanane. Mkeka haukuwatosha wote, kama ambavyo haukupata kuwatosha mwaka wowote.

Maji yakiwa bado yanatoka, saa saba na nusu, mashua moja iliondoka na watu ishirini na wanne. Mashua ya pili haikuondoka; watu wake walilala kwetu. Niliwahesabu asubuhi ya Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, kwa ajili ya chai. Waliobaki kutoka Dimani walikuwa kumi na saba: wanawake tisa, wanaume sita, watoto wawili.