Siku Niliyomlalamikia Mungu Kanisani

Harufu ya spiriti ya hospitali, ile wanayokupaka mkononi kabla ya sindano, hadi leo hunirudisha Kimara, kwenye mwezi ambao mdogo wangu Festo alilazwa. Nilikuwa na miaka kumi, yeye sita. Homa ya uti wa mgongo ilimweka wodini wiki mbili. Kila jioni Mama alirudi kitenge chake kikinuka spiriti, akachemsha uji wa kumpelekea kesho yake, kisha akakaa akiutazama ukuta.

Siku Festo aliporuhusiwa, nusu ya mtaa ilikuwa uani kwetu. Alikuwa amekonda, shati limempwaya kama la kuazima, lakini alitembea mwenyewe kutoka barabarani. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye aliikazia macho midomo yao, uso umekunjamana, kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti.

Kabla hajaugua tulikuwa na mchezo wetu. Mie nilianzisha mstari wa wimbo wa kwaya, yeye lazima aumalizie, popote alipo. Aliwahi kuitikia akiwa chooni, wapangaji wote wakacheka hadi wakashika mbavu. Basi kesho yake nikamkuta kakaa kwenye ngazi ananyonya chungwa. Nikaanzisha wimbo nikiwa nyuma yake. Kimya. Nikapandisha sauti. Kimya. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaubwaga kwenye sementi. Kuku walitawanyika, Festo akaendelea na chungwa lake.

Nilikimbia hadi kwa Mama, aliyekuwa anafua. Hakuinua kichwa.

"Najua, Rehema," alisema. "Daktari alishatuambia mimi na baba yako. Homa imeondoka na masikio yake."

Kanisani walipanga ibada ya shukrani. Kila aliyepita nyumbani alimwambia Mama neno lilelile: mshukuru Mungu, mtoto yuko hai. Mama aliitikia, "Ni kweli, namshukuru," akawamiminia chai. Walikuwa watu wema, na hawakusema uongo. Lakini mie nilikuwa nikisikia jinsi sauti ya Mama ilivyozidi kuwa nyembamba kila alipolirudia.

Nikaacha kuitikia amina. Kwenye mafundisho ya Jumamosi nilikaa nimefunga mdomo, hadi Mwalimu Skolastika akagundua. Alikuwa bibi kutoka Masasi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Wenzangu walipotoka alinibakiza.

"Haya mjukuu wangu, umegombana na nani?"

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema kwanza, maana nilikuwa nimeingia bila kumwamkia.

"Marahaba. Nimekuuliza, nani?"

"Mungu."

Nilidhani atanichapa. Badala yake alivuta benchi, akakaa karibu nami.

"Umemwambia?"

"Nimwambie Mungu kwamba nimemkasirikia?"

"Sasa utamwambia nani? Mimi sikumchukulia Festo masikio."

Hapo ndipo aliponifundisha kitu ambacho hakikuwamo kwenye nyimbo zetu za watoto. Alisema Waebrania wa kale walipokwenda kuabudu hawakuimba shangwe tu. Zaburi zao nyingi ni za kulia. Walimwuliza Mungu yuko wapi, walimwambia aamke, walimlaumu kwamba amewaficha uso wake, na walithubutu hata kumwambia asiwe kiziwi kwao. Kisha wakaziimba hizo lawama hekaluni, kwa vinanda, mbele ya watu wote.

"Na hawakupayuka ovyo," aliongeza. "Walitunga. Neno unalisema mara moja, halafu unalirudia kwa maneno mengine, na la pili liume zaidi. Ndivyo mashairi yao yalivyokwenda. Jaribu."

Nilijaribu wiki nzima, nyuma ya daftari la hesabu. Alhamisi nilimpelekea. Nilimwambia najua nyimbo hizo nyingi huishia kwa kusifu, lakini mie mwisho wa namna hiyo sikuwa nao.

"Usiubandike kwa gundi," alisema. "Kama haujaja, acha wazi."

Jumapili ya ibada ya shukrani kanisa lilijaa. Mama aliitwa mbele kutoa ushuhuda, Baba kamshika Festo mkono. Mama alianza vizuri. "Namshukuru Mungu kwa sababu..." Akanyamaza. Akaanza upya, akakwama palepale. Feni zilizunguka, mtu akakohoa, na Mama alisimama anafungua mdomo bila sauti.

Sikumbuki nilivyotoka benchi la watoto. Nakumbuka tu nikiwa mbele na karatasi niliyoichana daftarini, nikisoma kwa sauti ya kupayuka:

*Nimekuita, Mungu, hukugeuka;*
*nimepiga kelele, umeziba masikio.*
*Ndugu yangu umemrudisha mlangoni,*
*sauti yangu umeizuia isimfikie.*

Mzee mmoja wa kanisa alisimama. "Mtoto anakufuru huyo! Mketisheni!"

"Mwache amalize, mzee," Mwalimu Skolastika alisema kutoka nyuma. "Anasali."

Mama alinyoosha mkono. Nilijua nimekwisha. Aliichukua karatasi, akaisoma upya, mstari kwa mstari, na sauti yake ikarudi, nzito, sauti ile ya zamani ya kuongoza kwaya. Alipofika mwisho hakuishia hapo. Akainua uso akaongeza mistari yake mwenyewe:

"Mrudishie mwanangu masikio yake, na kama hutaki, basi nifundishe mimi namna ya kusema naye!"

Kisha akalia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, bila kujificha, na wanawake wakasimama wakalia pamoja naye. Festo hakusikia chochote. Alimwachia Baba mkono, akamwendea Mama aliyekuwa amepiga magoti, akaweka kiganja kooni pake, pale sauti ilipokuwa inatetemeka. Hakukiondoa hadi Mama aliponyamaza.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja muuza maandazi, ambaye hatukuwa tukizoeana naye, alitufuata nje. Binti wa dada yake alikuwa kiziwi, alisema, na alikuwa anasoma shule yenye darasa la watoto kama yeye, upande wa Temeke. "Nilitaka kukwambia tangu wiki ile nyingine," alimwambia Mama. "Lakini ulikuwa unashukuru tu, nikaona haya kukugusia."

Festo alianza muhula uliofuata. Sote tukajifunza lugha ya alama. Baba ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, kwa miezi kadhaa aliomba chumvi kwa alama ya ng'ombe. Leo Festo ana karakana yake ya makabati, na utani wake wa mikono huwaumiza watu mbavu.

Mie nilibaki na hofu. Wiki nyingi nilisubiri Mama aniadhibu kwa kumwaibisha mbele ya kanisa, na nikafasiri ukimya wake kuwa ni hasira inayotafuta siku nzuri. Nilishakuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, nilipopata ujasiri wa kumwomba radhi. Tulikuwa tunachambua mchicha. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Radhi ya nini? Tangu Festo alipotoka wodini nilikuwa nikimpigia Mungu saluti tu," alisema. "Siku ile ndiyo nilirudi kusema naye."